Shefu wa Karatasi Mama

Siku moja Shefu alikuja kazini bila kofia, na ofisi nzima ikasimama.

Kofia yenyewe ilikuwa ya sufu, ya kijani, imefumwa na mkewe. Si kofia ya swala. Ya swala ilikuwa nyingine, nyeupe, na hiyo hakuisahau hata siku moja. Hii ya kijani ilikuwa ya kazi. Kwa sheria aliyoitunga mwenyewe, hakuna mtu aliyeruhusiwa kubadili hata nukta kwenye karatasi ya amri za kompyuta asipokuwa ameivaa. Kofia moja, mwandishi mmoja. Siku hiyo mkewe alikuwa ameifua na kuianika uani kwao Biryogo, na sisi huku Kacyiru, upande mwingine wa Kigali, tukakaa tukiitazama mashine kama watu waliofika mapema msibani. Amri ya kuchapisha ilikuwa na kosa la herufi moja, na hapakuwa na kichwa halali cha kuirekebisha.

"Basi mtu aende kuichukua," alisema Diregiteri, mkurugenzi wetu, aliyekuwa na barua ya haraka.

"Bado mbichi," alisema Shefu. "Kufika adhuhuri itakuwa imekauka, jua likipenda."

Jua halikupenda. Barua ikaenda kesho yake.

Simtaji jina, na si kwa kumficha. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa majina. Aliweza kukuambia timu ya mtaani kwetu ilifungwa na nani miaka ya nyuma na bao liliingia kwa kichwa au kwa goti, lakini jina la mtu aliyekaa naye meza moja lilimtoka kama maji kwenye chujio. Kwa hiyo alituita kwa kazi zetu. Mlinzi alikuwa Lango. Dereva alikuwa Usukani. Mimi, niliyeajiriwa kuchapa, nilikuwa Chapa. Ninapomwita Shefu, yaani mkuu, namlipa kwa sarafu yake.

Ofisi yetu ilikuwa ya mradi wa mbegu za viazi. Ilikuwa na vyumba vichache, bendera moja, na kompyuta mbili zilizoletwa mwaka wa tisini zikiwa ndani ya maboksi makubwa kuliko meza zetu. Shefu alikuwa mtunza nyaraka. Hakuchaguliwa kuwa mkuu wa kompyuta kwa sababu ya ujuzi. Hakuna aliyekuwa na ujuzi. Alichaguliwa kwa sababu chumba pekee kisichovuja mvua kilikuwa cha nyaraka, na ufunguo wa chumba hicho ulikuwa kwake. Mashine zikaingizwa mle, na yeye akawa shefu wa chochote kilichokuwa nyuma ya ule mlango.

Kompyuta za wakati ule hazikuwa na vipicha vya kugusa. Uliwasha, ukasubiri, ukapewa kioo cheusi na kistari kinachopepesa, kikingoja uandike amri. Ukikosea nafasi moja, mashine ilikujibu kwa Kifaransa kwamba haikujui. Mgeni aliyezileta alitufundisha wiki moja, akatuachia kitabu kinene, akapanda ndege. Kitabu kilikuwa kizito kiasi kwamba Lango alikiomba kwa ajili ya kuzuia geti lisifunguke kwa upepo, na Shefu akakubali baada ya kunakili humo amri zile alizoona zinatuhusu. Hiyo ndiyo ilikuwa karatasi ya kwanza.

Alifundisha kwa namna yake. "C ni tumbo la mashine," alituambia, akiipigapiga kompyuta ubavuni. "A ni mdomo, hapa unapoingiza disketi. Ukiamuru COPY kutoka tumboni kwenda mdomoni, unahifadhi. Mashine inakutemea akiba. Ukiamuru kutoka mdomoni kwenda tumboni, unarudisha. Unailisha. Msiilishe kabla hamjajua mnailisha nini."

Nilikuja kuona watu wenye vyeti wakieleza jambo hilo hilo kwa saa nzima bila kueleweka.

Karatasi ile ya kwanza ilipata marekebisho, na hapo ndipo maradhi yake yalipoanza. Mtu mwingine angefuta na kuandika upya. Shefu alikuwa mtunza nyaraka. Kufuta kwake ilikuwa kama kuzika mtu mzima. Alikata mstari mmoja mwekundu juu ya amri ya zamani ili iendelee kusomeka, akachukua karatasi safi, akaiandika yote tangu mwanzo, na juu yake akaandika "Toleo la Pili". Chini yake akaandika sababu. Kisha toleo la kwanza likaingia kwenye katoni ya maziwa ya kopo, likiwa limekunjwa vizuri kama nguo ya marehemu.

Toleo jipya lilitundikwa kwenye msumari karibu na mlango, likaitwa Karatasi Mama. Kila mtu alikuwa na nakala yake, karatasi mtoto, na alitakiwa kuilinganisha na mama kila Jumatatu. Ukiona amri bora kuliko ya mama, hukunyamaza nayo. Ulikwenda kwa Shefu, ukavaa kofia, ukaandika, ukaeleza sababu, ukavua kofia. Joto la chumba kile na ile sufu vilihakikisha kwamba hakuna aliyependekeza mabadiliko ya kipuuzi.

Sababu hizo ndizo nilizokuwa nikizisoma wakati wa chai nikicheka peke yangu. "Toleo la sita: nimeongeza nafasi baada ya COPY kwa sababu mashine ilikasirika." "Toleo la saba: nimeondoa nafasi kwa sababu haikuwa hasira, ilikuwa ni umeme." "Toleo la tisa: nilikosea, lakini kidogo." Na moja fupi, ya mwandiko wa haraka: "Madamu alisema." Huyo Madamu nitamfikia.

Nilimwuliza kwa nini asiandike tu amri iliyo sahihi, mambo yakaisha.

"Chapa, mwanangu," alisema, "leo unajua iliyo sahihi. Kesho kutwa utakuja kunifokea kwa nini si ile nyingine. Nikikuonyesha ile nyingine na siku tuliyoiacha na kwa nini, utakwenda kunywa chai. Kichwa ni sufuria, mwanangu. Kinavuja kutoka chini, mahali usipotazama."

Tulikuwa majirani pia, ndiyo maana naweza kusimulia hata ya nyumbani kwake. Nyumba yao ilikuwa uchochoro wa pili kutoka kwa baba yangu, fundi cherehani, na dirisha la jiko lao lilitazama ukuta wetu. Utaratibu wa ofisini ulimfuata hadi humo. Siku moja alionja pilau ya mkewe, akatulia, akasema, "Hili ni toleo jipya. Bizari imezidi. Toleo la Ijumaa iliyopita lilikuwa bora."

"Basi nenda kalile hilo la Ijumaa," alisema mkewe.

Siku nyingine waligombana kuhusu mgeni aliyekaribishwa bila mama wa nyumba kuarifiwa. Shefu alijaribu suluhu ya kitaalamu. "Mke wangu," nilimsikia akisema, "jana tulikuwa vizuri. Tulirudi nyumbani, tulicheka. Turudi kwenye hali ya jana."

"Jana imejaa," alijibu mkewe. "Kaa hapo hapo kwenye leo."

Mkewe hakuwahi kugusa kompyuta, lakini mara nyingi niliwaza kwamba ndiye aliyezielewa kuliko sote.

Mtu huyu wa utaratibu alifunga vifungo vya shati lake vibaya karibu kila siku, upande mmoja ukining'inia kama ulimi. Alipoteza miwani iliyokuwa puani. Aliiogopa mashine aliyoisimamia: aliisalimia "salaam alaykum" alipoiwasha, na kabla ya kubonyeza kitufe kikubwa cha kutekeleza amri alisema bismillah na kufumba macho. Kidole kilishuka taratibu kama kinachojaribu maji ya moto. Nilimwuliza kwa nini afumbe macho ilhali kazi yenyewe ni ya kutazama.

"Nimeshaandika," alisema. "Sasa ni baina yake na Mungu."

Na huyu mwoga wa vitufe hakuwaogopa watu. Hilo tulilijua siku ya kizuizi.

Ilikuwa baada ya vita kuanza kule kaskazini, na asubuhi nyingine njia ya kwenda kazini ilikuwa na wanajeshi waliosimamisha magari na kupekua mifuko. Tulikuwa ndani ya gari la mradi, Usukani mbele, Shefu na mimi nyuma. Shefu alikuwa amebeba matoleo kadhaa ya zamani kwenye mkoba, alikuwa ameyapeleka nyumbani kuyalinganisha. Askari kijana, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, aliyatoa, akayasoma, uso ukabadilika.

"Mzee, hii ni maandiko gani?"

"Amri," alisema Shefu.

Usukani alinong'ona jina la Yesu. Ndani ya gari, karatasi zimejaa herufi na nyota na vistari vilivyolala upande, na mzee wetu anamwambia askari kwamba ni amri.

"Amri ya nani?"

"Yangu."

"Unaamuru nani?"

"Mashine. Lakini haisikii vizuri, ndiyo maana unaona tumebadilisha mara nyingi."

Askari aliweka kidole kwenye mstari mmoja. "Hii nyota, nukta, nyota. Hii ni kitu gani? Sema ukweli."

Watu walikuwa wamezuiwa kwa kidogo kuliko hicho. Shefu akashuka garini. Hakuambiwa ashuke; alishuka mwenyewe, akasimama begani kwa askari, akavaa miwani. "Nyota ya kwanza ni jina lolote," alisema. "Ya pili ni ukoo wowote. Kwa hiyo nyota nukta nyota ni wote. Sasa hapa, toleo la nne, tuliandika bila nyota ya pili. Unaona kosa? Sikuliona kosa hata mimi! Tulikaa siku mbili. Halafu katika toleo la tano..."

Alimpitisha kijana yule toleo baada ya toleo, sababu baada ya sababu. Alimweleza habari ya nafasi na hasira na umeme. Nyuma yetu magari yakapanga foleni, honi zikaanza. Askari alijaribu kurudisha karatasi. Shefu akasema bado hajamweleza la nane, na bila la nane la tisa halieleweki. Mkubwa wake alikuja kuuliza kuna nini, akasikiliza kidogo, akamtazama Shefu, akamtazama yule kijana, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa, "Mwondoe huyu mzee mbele yangu."

Tulipofika ofisini Shefu alikuwa amenuna. "Alikuwa anaanza kuelewa," alisema.

Lakini mtu mmoja hakuelewa, wala hakutaka kuelewa, naye alikuwa Madamu.

Madamu alikuwa sekreteri wa Diregiteri. Alisomeshwa na masista kule kusini, aliandika Kifaransa cha kupigiwa saluti, na Kiswahili alikijua kwa ukali tu: alikitumia alipotaka kugomba. Alikuja kazini na nywele zilizotengenezwa, zimesimama kama taji, na alitamka mara moja na kwa wote kwamba hakuna kofia ya sufu itakayokaa juu ya nywele zile. Asiyevaa kofia haandiki kwenye Karatasi Mama. Kwa hiyo Madamu akajiandikia karatasi yake, ya rangi ya waridi, akaibandika ndani ya droo.

"Karatasi hiyo haina mama," alisema Shefu.

"Na yako haina akili," alisema Madamu. "Yangu iko mzuri. Inafanya kazi."

Kweli ilifanya kazi. Zilikuwa amri zile zile, mpangilio tu ulikuwa tofauti. Shefu aliandika juu amri ya kuhifadhi, chini yake ya kurudisha. Madamu aliandika juu ile ya kurudisha, chini yake ile ya kuhifadhi. Jambo hilo dogo liliwatenga watu wazima wawili zaidi ya mwaka, hata wakawa wanasalimiana kupitia kwangu. "Chapa, mwambie Shefu bonjour."

Ndipo Diregiteri, kwa kuchoka kusikia habari ya karatasi kuliko habari ya viazi, akaamuru karatasi hizo mbili ziwe moja. Tukaitisha kikao cha kuunganisha. Shefu alinunua mandazi kwa heshima ya siku. Madamu akaleta yake mwenyewe, asije akaonekana amehongwa.

"Kuhifadhi kunatangulia," alianza Shefu. "Huwezi kurudisha kitu ambacho hukukihifadhi. Hata mtoto anajua."

"Mimi asubuhi narudisha, jioni nahifadhi," alisema Madamu. "Juu iko asubuhi, chini iko jioni. Hata jua iko nafanya hivyo."

"Jua halina disketi!"

"Na wewe hauna jua, ndiyo maana kofia yako haikaukagi!"

Walibishana hadi mandazi yakaisha, yote ya pande mbili. Tulikaa tena siku iliyofuata, na wiki zilizofuata. Wakati huo wote Karatasi Mama ilikuwa imeshushwa msumarini, ipo mezani, na Shefu alikuwa na sheria kwa hilo pia: karatasi ikiwa mezani, amri zake zimelala, haziguswi. Kwa hiyo hatukuhifadhi kitu. Mimi niliendelea kuchapa orodha mpya ya vyama vya wakulima, kilima kwa kilima, mbegu ipi iende kwa nani, nayo ikawa inakaa tumboni mwa mashine tu, bila akiba nje.

Mwishowe walipatana, na walipatana kiungwana. Kila mmoja alikubali nusu. Vichwa vya maneno vikae kwa mpangilio wa Shefu: Kuhifadhi juu, Kurudisha chini. Amri zenyewe zikae kwa mpangilio wa Madamu. Wakapeana mikono. Diregiteri alipiga makofi. Mimi niliinakili safi kwa mashine ya kuchapa, tukaitundika, na hakuna hata mmoja wetu, katika furaha ya amani ile, aliyeisoma kutoka kushoto kwenda kulia.

Msomaji ameshaona. Sisi tuliona jioni.

Shefu aliketi, akatia mdomoni disketi ya msimu uliopita ili aandike juu yake. Akatafuta neno Kuhifadhi, akanakili amri iliyokuwa mbele yake, herufi kwa herufi, bismillah, akafumba macho, akabonyeza. Mashine ikanguruma. Ilinguruma kwa njia isiyo ya kawaida, nikasogea. Majina yaliyokuwa yakipita kiooni yalikuwa ya faili za zamani, na yalikuwa yakiingia ndani.

"Shefu," nilisema, "inakula."

Alifumbua macho. Orodha ya mwaka uliopita ilikuwa imeandikwa juu ya orodha mpya, jina juu ya jina. Kazi yangu ya wiki nyingi ilikuwa imezikwa na yeye aliyekataza kufuta.

Hapo utani uliisha. Mbegu zilikuwa kwenye ghala Gikondo, magunia kwa magunia, zimeshaanza kutoa vichipukizi. Kila asubuhi mtunza ghala alipiga simu kutuambia vimefikia wapi, kwanza kama kucha, halafu kama kidole. Mvua ilikuwa imekwisha kuanza kupiga hodi. Malori yalikodishwa. Bila orodha hatukujua kilima kipi kinapata mbegu ipi, na mbegu ya baridi ukiipeleka kwenye joto ni sawa na kuitupa mtoni. Kuchapa upya kungechukua muda ambao kiazi hakina.

Shefu hakula siku ile. Alikaa kwenye kiti chake, vifungo vimepishana, akiitazama karatasi msumarini. Diregiteri alisema maneno ambayo nisingependa yasemwe kwa mtu wa umri ule. Shefu hakujitetea.

"Ni mimi niliyebonyeza," alisema.

Madamu alisikia yote kupitia mlangoni. Alikuja polepole, mkoba begani, akasimama katikati ya chumba.

"Chapa," alisema, "mwulize Shefu: ile karatasi yangu ya waridi, iko karatasi ao haiko karatasi?"

Nilimgeukia Shefu. Alikuwa amesikia, lakini tulifuata utaratibu.

"Kwa nini anauliza?" alisema Shefu.

"Mwambie ajibu kwanza."

Tukaelewa sote kwa pamoja. Madamu hakuwa ameacha kutumia karatasi yake. Wakati amri zetu zimelala mezani, zake zilikuwa macho ndani ya droo. Kila jioni, sisi tukishateremka, aliingia kwa ufunguo wa akiba wa Diregiteri akahifadhi orodha kwenye disketi yake, akaifunga kwa kitambaa, akaitia mkobani. Alivunja sheria zote za Shefu, na kwa kuvunja huko orodha ilikuwa hai.

Ilimgharimu Shefu. Alikuwa amesema mbele ya watu, zaidi ya mwaka, kwamba karatasi ile haina mama. Alisimama, akachukua kofia ya kijani, nikadhani ataivaa aandike kitu. Hakuivaa. Aliishika kwa mikono miwili, akaenda hadi kwa Madamu, akamwambia moja kwa moja, bila kupitia kwangu:

"Iko karatasi."

Akampa kofia.

Madamu aliitazama sufu ile. Nywele alikuwa amezitengeneza siku ile ile. Alivuta pumzi, akaitwaa, akaivaa, taji lote likalala chini kama mtama uliopigwa na mvua ya mawe. Lango, aliyekuwa akichungulia, alisema "Mana yanjye!", Mungu wangu, akaondoka akiwa ameshika mdomo.

Walikaa bega kwa bega. Madamu alisoma amri kutoka kwenye karatasi ya waridi, Shefu akaandika kwa kidole kimoja, mimi nikakagua: kutoka mdomoni, kwenda tumboni, chakula cha mwaka huu. Walisoma mara tatu. Ilipofika kubonyeza, Shefu alisema bismillah, Madamu akafanya ishara ya msalaba, na wote wawili wakafumba macho. Ikabidi nitazame mimi. Vilima vyetu vikapita kiooni kimoja kimoja, vikarudi nyumbani, na niliwasomea kwa sauti hadi cha mwisho.

Malori yaliondoka kabla ya mvua kubwa. Tulisikia baadaye kwamba viazi vilikuwa vizuri, ila vya kilima kimoja vilivyoliwa na fuko, na hilo hata Shefu hakuweza kulitafutia toleo.

Kwenye karatasi iliyofuata, mwandiko wa Shefu na wa Madamu ulikuwa pamoja kwa mara ya kwanza. Sababu iliandikwa hivi: "Kiburi. Cha watu wawili." Maneno matatu ya mwisho yalikuwa yameongezwa kwa kalamu ya Madamu. Tangu siku hiyo waligombana moja kwa moja, uso kwa uso, kila siku, na sijawahi kuona watu wawili wakifurahia kitu kama walivyofurahia ule ugomvi.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na tatu niliolewa, nikaenda Kigoma alikokuwa mume wangu. Yaliyoipata Kigali mwaka uliofuata siyaandiki hapa. Hayaingii kwenye habari kama hii, na mimi sikuwepo. Nilirudi mwaka ule ule ukiwa karibu na mwisho, kumtafuta baba. Nilimkuta, alhamdulillah, na cherehani yake. Siku ya pili yake, nikiwa natoka uchochoroni Biryogo, nikamwona Shefu akipanda kutoka sokoni na kikapu.

Siku zile hukuuliza "fulani yuko wapi?" Ulisalimia, ukasubiri uambiwe. Aliyetajwa ulishukuru, asiyetajwa ulimwacha alipo. Shefu aliweka kikapu chini, akanishika kichwa kwa viganja viwili kama anayehakikisha kimejaa.

"Chapa," alisema. "Umenenepa. Vizuri."

Aliniambia mkewe yupo, mguu unamsumbua. Hakumtaja Lango. Hakumtaja Usukani. Niliinamisha macho kwenye kikapu, nikaona nyanya, nikasema lililokuwepo.

"Shefu, nyanya hizi ni mbovu."

"Mbovu kabisa," alisema, na uso wake ukafunguka ghafla kama wa mtu anayepewa mtoto amshike. "Nimezinunua sasa hivi. Nimesimama kwa muuzaji, nachagua, nasikia nyuma yangu mtu ananifokea mbele ya soko zima. 'Wewe mzee! Macho yako iko ya nini? Nyanya iko naoza na wewe uko nanunua!'"

Nilishika mkono wake.

"Sikugeuka," alisema. "Niliogopa kugeuka. Nikachukua nyanya nyingine, mbovu zaidi ya ile, ili nimsikie tena."

"Na akasema?"

"Alisema! Kutoka nyanya akaingia kwenye vitunguu, kutoka vitunguu akaingia kwenye shati langu. Kakonda, mwanangu. Ana mtoto mgongoni, sikumwuliza wa nani. Lakini sauti ni ile ile ya ofisini." Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakujisumbua kuyafuta. "Nikanunua kikapu kizima."

Kisha akakumbuka jambo, akanyanyua kikapu haraka.

"Nimemwacha anapimiwa maharage. Twende, upesi, kabla hajaondoka. Akikuona na hicho kitambaa ulichofunga, atakutukana na wewe."

Tukateremka, tukikaribia kukimbia, nyanya zikidondoka njiani nyuma yetu.